Kamio inakataa kubadilisha vitesi? Mbele ya kununua bwati, pima umeme

Wakati wa mavuno ya viazi, kamio ya koperative moja ya Lubero ilikaa siku 19 ndani ya garaji huku Butembo. Magunia yalikuwa yamekwisha kufungwa, yanangoja ku depo. Wale wenye kujua viazi wanajua kile kilifuata: siku ya kumi magunia ya chini yakaanza kutoka maji, na komite ikauza yaliyobaki kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Fundi alikuwa amesema bwati ya vitesi imekufa. Aliomba dola 2,300 kwa bwati ya mitumba ya kutoka Kampala, na mweka hazina akamupa 600 za kuanzia. Shofere naye aliombwa kurudisha ufunguo. Ndani ya mkutano watu walisema ni yeye aliiua, juu ya kupakia sana na kupanda milima kwa nguvu. Hakujitetea sana. Mimi nilimukuta nje, amekaa juu ya tairi, nikamuuliza tu: ilianza namna gani?

Akajibu: « Bwana agronomi, muchana iko muzuri. Usiku tukiwasha mafari, ndio inakataa. Inakwama ku vitesi ya tatu. Nikizima motere, nikawasha tena, inapona kidogo. »

Hakuna mtu alikuwa amemuuliza hivyo. Na ndani ya jibu lile, ugonjwa wote ulikuwa umekwisha kusemwa. Bwati yenye kuvunjika meno yake au kuunguza diski zake haijui kama mafari yanawaka ao yamezimwa. Umeme ndio unajua.

Mimi si mekanisye. Niliingia ndani ya mambo haya juu ya viazi. Lakini tangu siku ile nimeona kamio zingine za wanamemba zikipelekwa garaji na shida ya namna ile, kwa hiyo naandika hapa kile tulijifunza, pamoja na namba zake.

Kwa nini umeme unaingia ndani ya bwati

Kamio za zamani, zenye pedali ya klachi na mkono wa vitesi wa chuma, hazihusiki sana na habari hii. Pale mguu na mkono wa shofere ndio vinafanya kazi yote. Lakini kamio ndogo nyingi zenye kutoka Japani na kuingia kwetu kupitia Kasindi (Elf, Canter, Dutro) zilitengenezwa kwa namna mbili: zingine na klachi ya mguu, zingine bila. Zile zisizo na pedali ya klachi ziko na kalkulateri, ni kusema kisanduku cha umeme chenye kufikiri pahali pa shofere. Na mnunuzi mara nyingi haangalii hiyo; anaangalia bei, tairi, na rangi.

Kalkulateri inapokea habari kutoka kapteri: moja inapima mwendo wa gari, ingine inapima mzunguko wa motere, ingine inaangalia pedali ya mazuti imekanyagwa kiasi gani, ingine inasoma mkono wa vitesi uko wapi. Kisha inatuma umeme ku elektrovani, ni kusema vifunguo vidogo vyenye kufungua na kufunga njia za mafuta ndani ya bwati. Mafuta yanasukuma, vitesi inabadilika. Ku gari zingine umeme unaendesha klachi yenyewe.

Sasa, kama umeme wenye kufika ni mdogo, ao unapanda na kushuka, habari zinafika mbaya na amri zinatoka mbaya. Kalkulateri ikiona haiwezi tena kuamini kile inapata, inajilinda: inafunga bwati ku vitesi moja, mara nyingi ya kati kama ya tatu, ili gari ifike polepole garaji bila kuvunja kitu. Ku tablo taa moja inaanza kuwaka na kuzimika. Shofere anasema « imekwama ». Haijakwama, imekatazwa.

Uliza shofere kwanza

Mbele ya kufungua boriti moja, kaa na shofere, tena bila mweka hazina kusimama nyuma yake. Shida ya umeme iko na tabia yake. Inakuja na kuondoka. Inabadilika na mvua, na joto, na taa, na mashimo ya njia. Ukizima na kuwasha, inapona kwa muda. Gari imekwama ku vitesi moja lakini ndani ya vitesi ile inavuta vizuri, bila kuteleza. Sindano ya mwendo inakufa wakati uleule bwati inaanza kusumbua. Hizo zote ni alama za kutafuta ndani ya nyaya.

Shida ya chuma haiko hivyo. Leo ni mbaya, kesho ni mbaya zaidi. Motere inapiga kelele inazunguka, lakini gari haiendi. Vuta kijiti cha mafuta ya bwati, kama gari iko nacho: mafuta yakiwa meusi na kunuka kama kitu kimeungua, ao ukiona unga wa chuma ukiyafuta ku kitambaa cheupe, usipoteze siku zako na testeri. Pale fundi anasema kweli.

Tena kuna hali ya katikati, na ndiyo inaleta ubishi. Gari ikiendeshwa miezi juu ya shida ya umeme, ikianzia mlima na vitesi ya tatu kila siku na tani tatu mgongoni, mwisho diski zinaungua kweli. Kwa hiyo usiseme « ni umeme tu, tutaendelea na kazi mpaka mwisho wa mavuno. »

Testeri na namba zake

Testeri ya kawaida, ile fundi wa sola anatembea nayo, inatosha. Kwetu ni fundi wa sola ndiye alitusaidia, si fundi wa gari. Kamio nyingi hizi ziko na batri mbili za volti 12 zenye kufungwa pamoja, ni kusema volti 24. Gari ndogo ziko na batri moja ya 12. Natoa namba za 24, na za 12 ndani ya mabano.

Asubuhi, mbele ya kuwasha, pima batri. Ikiwa nzuri inaonyesha kama 25.2 ao kupita kidogo (12.6). Ikiwa chini ya 24.4 (12.2), batri imeshuka nusu. Kisha muombe shofere apige demareri wakati wewe unaangalia: ikishuka chini ya 19 (9.6), batri imechoka, ao kose zake zimelegea. Washa motere: namba inapaswa kupanda mpaka kati ya 27.5 na 28.8 (13.8 mpaka 14.5). Ikibaki pale ilikuwa, alternateri haitii kitu ndani.

Pima tena kila batri peke yake. Hapa kuna ugonjwa wetu wa nyumbani. Shofere anataka radio, ao taa za mapambo, ao pahali pa kutia simu moto, na vitu hivyo vinaomba volti 12. Mtu anamufungia nyaya ku batri moja kati ya zile mbili. Batri ile inanyonywa kila siku, mwenzake anashiba kupita kiasi, na alternateri haioni tofauti maana inaangalia jumla tu. Ukikuta tofauti ya kupita nusu ya volti kati ya batri mbili, tafuta ile waya ya radio kwanza. Kuna kifaa kidogo cha kushusha 24 kwenda 12. Kinauzwa, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya batri mbili mpya.

Masi

Hapa nakaa kidogo, sababu ndipo tulikuta shida ya kamio ya viazi.

Umeme unatoka ku batri kwa uzi wa (+), unafanya kazi, na ni lazima urudi ku (–). Njia ya kurudi ni chuma ya gari yenyewe, na ile waya nene yenye kufunga (–) ya batri ku shasi, tena ingine kutoka shasi kwenda motere na bwati. Ndiyo tunaita masi. Mkulima ataelewa hivi: mfereji wa kuingiza maji shambani unaweza kuwa mpana, lakini kama ule wa kutosha maji umezibwa, shamba halitembezi maji.

Masi ikiwa na kutu, ao imefungwa juu ya rangi, umeme mdogo unapita bado. Muchana gari inatembea. Usiku ukiwasha mafari, umeme mwingi unataka kurudi kwa njia ileile nyembamba, inakosekana nafasi, na kalkulateri inabaki na njaa.

Kupima ni hivi. Motere inawaka, mafari yote yamewashwa. Weka testeri ku volti za batri (alama ya mstari ulionyooka). Ncha moja gusa (–) ya batri yenyewe, ku chuma yake, si ku kose. Ncha ya pili gusa chuma safi ya bwati ya vitesi. Testeri inapaswa kuonyesha karibu sufuri. Ikipita 0.2, masi ni mbaya. Wakati wa kupiga demareri inaweza kupanda, lakini isipite 0.5.

Kwetu ilionyesha 3.1. Fundi wa sola alirudia mara tatu, akifikiri testeri ndiyo inadanganya. Ku batri tulikuwa na 27.9, na ku prizi ya kalkulateri 24.3 tu. Tukalala chini ya gari na tochi. Miezi miwili nyuma, komite ilikuwa imepeleka gari kwa fundi wa kuchomelea vyuma, aongeze mbao na vyuma vya pembeni ili magunia mengi yaingie. Yule alitosha waya ya masi ili apate nafasi, kisha akapaka rangi shasi yote, rangi ya bluu nzuri sana, na kurudisha waya juu ya rangi. Boriti moja tu ndiyo ilikuwa inagusa chuma.

Tulikwangua rangi na msasa mpaka chuma ikang'aa, tukanunua waya mpya nene na kose mbili, tukafunga, tukapaka grisi juu ili kutu isirudi. Ilichukua saa mbili. Gharama yake ilikuwa chini ya bei ya gunia mbili za viazi. Siku ya posho usiku, gari ilipanda na mafari yote yanawaka, na ikabadilisha vitesi zote.

Kwa habari ya kuchomelea: siku zote mbele ya kazi ile, tosha waya ya (–) ya batri, na fundi afunge masi ya mashini yake karibu kabisa na pahali anachoma. Umeme wa kuchomelea ukipita ndani ya kalkulateri, hakuna msasa wa kuitengeneza.

Alternateri yenye kutoa umeme mchafu

Kuna shida ingine inasumbua sana, juu volti zinaonekana nzuri. Ndani ya alternateri kuna vipande vidogo, diodi, vyenye kunyoosha umeme. Diodi moja ikiungua, alternateri inaendelea kuchaji, lakini umeme unatoka na mawimbi. Kalkulateri inasoma mawimbi yale kama habari za kapteri. Basi bwati inapanda vitesi, inashuka, inapanda, bila sababu, hasa ku mwendo wa sawasawa. Shofere anasema gari inatetemeka kama yenye kukosa mazuti. Watu wamebadilisha bwati nzima juu ya hiyo.

Weka testeri ku volti za umeme wa nyumba (alama ya mawimbi), motere ikiwaka na mafari yamewashwa, ncha zote mbili ku batri. Inapaswa kuwa karibu sufuri. Ikipita nusu ya volti, mashaka yako ku diodi.

Lakini angalieni: testeri za bei ndogo zinadanganya hapa. Zingine zikiwekwa ku alama ya mawimbi na kugusa batri, zinaonyesha volti 50 na kitu, hata motere imezimwa. Kwa hiyo pima kwanza motere ikiwa imezimwa. Batri yenye kutulia haina mawimbi. Testeri ikionyesha namba kubwa, haifai kwa jaribio hili; tafuta ingine.

Kuna jaribio ingine la kuhakikisha. Motere imezimwa, chomoa prizi ndogo ya alternateri ili isichaji, kisha tembeza gari muchana, bila taa, kilometa chache, na batri tu. Bwati ikitulia, umepata mwizi. Usichomoe kamwe batri wakati motere inawaka. Najua mafundi wanafanya hivyo « ili kuona kama alternateri inachaji ». Ku gari ya zamani ilikuwa bahati. Ku gari yenye kalkulateri, volti zinaruka kwa ghafula na kuiunguza.

Vitu vidogo vya kuangalia bila testeri

Kuna mkono wa vitesi wenye kukataa kutoka ku P. Watu wanaufosi mpaka wanavunja. Ku gari nyingi za automatiki, mkono unafunguliwa na habari moja tu: freni imekanyagwa. Na habari ile inatoka ku kontakti ileile ya taa za freni. Muambie mtoto asimame nyuma ya gari, kanyaga freni. Taa haziwaki? Angalia fizibli ya taa za freni. Mara nyingi imeungua juu mtu alifunga taa za mapambo nyuma ya gari. Na ukibadilisha fizibli, weka ya ampere ileile. Ile karatasi ya sigara ya kung'aa inachoma nyaya zote.

Gari yenye kukataa kuwaka ku P lakini inakubali ku N, ni kapteri ya mkono wa vitesi imesogea ao imechakaa.

Prizi za nyaya ziko pembeni na juu ya bwati. Baada ya kuosha gari ku mto, maji yanaingia. Chomoa, kausha, angalia kama kuna majani ya kijani ku meno ya shaba. Hiyo ni kutu ya shaba. Safisha na brosi ndogo kavu. Usimwange mazuti ndani. Motere ikiwaka, gari imesimama na freni ya mkono imefungwa, mtu mmoja atikise nyaya polepole, mwingine aangalie tablo. Taa ikibadilika, pahali pale pale ndipo waya imekatika ndani ya ngozi yake.

Panya pia. Hii ninaijua kwa kazi yangu. Kamio yenye kulala karibu na depo ya mahindi inapata wageni, na wageni wanapenda ngozi ya nyaya. Tuliikuta mara moja: waya mbili za kapteri ya mwendo zimekatwa safi, na nafaka juu ya bwati.

Kapteri ya mwendo yenyewe iko na sumaku, inavuta unga wa chuma. Ukiitosha na kuikuta na ndevu za chuma, ifute na kuirudisha kabla ya kununua ingine. Ndevu nyingi sana, lakini, zinasema bwati inajikula.

Elektrovani zinapimwa kwa omu, motere imezimwa, prizi imechomolewa. Ku Toyota nyingi za volti 12, zile za kubadilisha vitesi zinaonyesha kati ya 11 na 15. Ku kamio ya 24 namba ni ingine, kwa hiyo linganisha zile za kufanana: zote 30 na moja haionyeshi kitu, ile moja imekatika.

Kisha tu ndio unatafuta mtu mwenye mashini ya kusoma makosa ndani ya kalkulateri. Ni mashini nzuri, lakini ikiandika « kapteri ya mwendo », maana yake ni kwamba habari ya kapteri haikufika. Inaweza kuwa kapteri, waya, prizi, ao masi. Gari yenye umeme mdogo inaandika makosa sita kwa mara moja, na kuna mafundi wenye kuuza kapteri sita.

Habari ya kamio ile ilitembea haraka, na koperative ingine yenye kuuza vitunguu ikaipenda kupita kiasi. Bwati yao ilikuwa inateleza, mafuta meusi, harufu ya kuungua. Walikaa wiki tatu wanatafuta masi juu ya kukataa kulipa. Masi yao ilikuwa nzuri: 0.05. Namba ile peke yake ilikuwa inatosha kuwaambia waache, siku ya kwanza.

Tunaomba komite ziandike namba hizi ndani ya daftari ya gari wakati gari iko muzuri: volti za asubuhi, za motere ikiwaka, masi na mafari yamewashwa, mawimbi. Dakika kumi kila mwezi. Na mbele ya kutoa feza za kuanzia kwa bwati mpya, muombe fundi aandike ku karatasi namba hizo nne na rangi ya mafuta, na asaini. Fundi mwenye kujua kazi yake hatakasirika.

Shofere wa Lubero alirudishiwa ufunguo wiki ile ile. Zile dola 600 bado. Fundi alisema zilikwisha kupita mpaka, na komite ikapatana naye akate deni ndani ya kazi za freni na tairi. Mpaka sasa amekata kama 150.